dx ni sifuri au si sifuri? Jibu kwa mwalimu wa kidato cha tano

Swali

Mtaalamu, habari za kazi. Nafundisha hisabati kidato cha tano mkoani Rukwa. Wiki iliyopita nilikuwa natafuta mteremko wa grafu ya x² pale ubaoni. Nikaweka nyongeza ndogo, h, ile inayoandikwa pia dx, nikagawanya kwa h, kisha mwishoni nikasema "sasa h ni sifuri", nikaifuta. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama h ni sifuri, umegawanyaje kwa sifuri? Na kama si sifuri, umeifutaje?" Nikamjibu kwamba ni ndogo mno, haina maana. Akasema, "Ndogo mno si sifuri, mwalimu." Darasa zima likanitazama. Naomba unisaidie: kipo kweli kitu ambacho si sifuri lakini ni kidogo kuliko chochote? Tena mwenzangu wa fasihi ananiambia Tolstoy, yule mwandishi wa Urusi, aliutumia udogo huohuo kueleza vita. Vinahusianaje?

Mwalimu, Rukwa

Jibu

Mwalimu mwenzangu, kwanza mfikishie huyo binti salamu na hongera zangu. Swali lake liliwahi kuulizwa, karibu kwa maneno hayohayo, mwaka 1734, na aliyeliuliza ni George Berkeley, mwanafalsafa wa Ireland aliyepata uaskofu wa Cloyne mwaka huohuo. Aliandika kitabu kizima kumkabili mtu aliyemwita "mhisabati kafiri": msomi anayewacheka waumini kwa kukubali mafumbo, ilhali yeye mwenyewe kila siku anameza mafumbo makubwa zaidi kwenye hesabu zake. Mnaanza kwa kusema nyongeza ipo, akawaambia, mnapata jibu kwa sababu ipo, kisha mnasema haipo, na jibu mnaondoka nalo. Nyongeza hizo akaziita mizuka ya viasi vilivyokwisha kufariki. Waasisi wa hesabu hizo walikuwa wameshakufa: Newton miaka 7 kabla, na Leibniz miaka 18. Wafuasi wao walijibu kwa hasira na kwa vijitabu vingi, lakini jibu la kuridhisha lilianza kupatikana mwaka 1821, Augustin-Louis Cauchy alipochapisha mihadhara yake huko Paris, na likakamilishwa baadaye na Karl Weierstrass wa Berlin. Bara zima lilihitaji karibu karne nzima. Wewe usione haya kwa dakika mbili za kimya.

Jibu langu fupi ni kwamba binti yuko sahihi. Katika namba tunazofundisha shuleni hakuna kitu cha namna hiyo. Kila namba isiyo sifuri, hata iwe ndogo vipi, ina nyingine iliyo ndogo zaidi. Igawe kwa 2 tu utaiona. Na h yako haikuwa sifuri hata mara moja, si mwanzoni, si mwishoni. Kilichokuponza ni yale maneno "sasa h ni sifuri". Nami niliyasema miaka mingi mbele ya wanafunzi, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa.

Ila jibu hilo fupi halielezi kwa nini hesabu zako zilitoka sawasawa, wala kwa nini watu wazima waligombana kwa ajili ya kitu ambacho hakipo. Kwa hiyo nivumilie kidogo. Kitu hicho nitakiita kiduchu, kwa sababu Kiswahili kinalo neno na sioni haja ya kuazima.

Ipo methali ambayo huyo binti anaijua tangu darasa la pili: haba na haba hujaza kibaba. Sisi huisema tunapozungumzia akiba na subira. Isome sasa kama mhisabati. Chukua kitu chochote kidogo, kidogo unavyotaka; chukua chombo chochote, kikubwa unavyotaka; ukirudia kutia kile kidogo, itafika zamu ambayo chombo kitajaa. Kama ni kibaba utamaliza leo, kama ni pishi utatia mara nne ya hizo, kama ni ghala utachoka lakini mwisho upo. Wazo hilo limo katika kitabu cha tano cha Euclid, mwanajiometria wa Ugiriki ya kale. Leo linaitwa sifa ya Archimedes, Mgiriki mwingine wa kale, ingawa Archimedes mwenyewe alisema waliomtangulia walikwisha kulitumia. Wahenga wetu walilitia katika maneno matano.

Sasa tunaweza kusema kiduchu ni nini bila kubabaisha. Ni kile kinachoikataa methali. Si sifuri, lakini ukikitia mara mia, mara milioni, mara yoyote unayoweza kuitaja kwa namba ya kuhesabia, kibaba hakijai. Hakifiki hata robo. Na namba za kawaida zote, kuanzia bei ya sukari hadi umbali wa jua, zinaitii methali. Ndiyo maana kiduchu hakimo miongoni mwao. Nukta sifuri sifuri sifuri moja ni haba. Haba na kiduchu ni vitu viwili tofauti kabisa, na fujo nyingi katika somo hili hutokana na kuvichanganya.

Sasa kwa nini hesabu zinatoka? Mlangoni kwangu kuna kizulia cha kufutia miguu, cha duara, kilichosukwa kwa kamba ya katani. Kamba imezungushwa na kushonwa, mzunguko nje ya mzunguko, kutoka katikati hadi ukingoni. Tuchukulie kila mzunguko ni pete kamili. Nusu kipenyo cha kizulia ni sentimeta 30 na kamba ina unene wa sentimeta 1, basi kuna pete 30. Chukua mkasi, ukikate kutoka ukingoni moja kwa moja hadi katikati. Kila pete inaachia. Zinyooshe uzipange mezani: ndefu kuliko zote chini, inayoifuata juu yake, hivyohivyo mpaka ile ya katikati ambayo ina urefu wa kama kidole.

Utaona pembetatu. Kitako chake ni mzingo wa kizulia, kimo chake ni nusu kipenyo. Nusu ya kitako mara kimo inakupa π mara nusu kipenyo mara nusu kipenyo, ile kanuni ya eneo la duara ambayo watoto wanaikariri bila kuambiwa ilikotoka. Njia hii ni ya zamani. Abraham bar Hiyya wa Barcelona aliiandika kwa Kiebrania katika karne ya 12, kwenye kitabu cha kupima maeneo.

Lakini mtu makini, kama huyo binti, atainama atazame pembeni mwa pembetatu. Mstari haukunyooka. Ni ngazi. Kila kamba imeacha kidaraja chake. Ukihesabu kila pete kwa urefu wa ukingo wake wa nje, jumla inakuwa 930π sentimeta za mraba. Ukihesabu kwa ukingo wa ndani, 870π. Eneo la kweli ni 900π, katikati ya hizo mbili. Tumia kamba yenye unene wa nusu sentimeta: kati ya 885π na 915π. Tumia uzi wa milimita 1: kati ya 897π na 903π. Kila unavyopunguza unene, kosa linapungua kwa kiwango kilekile, na 900π haiponyoki humo kati.

Hapa njia zinagawanyika. Mtu wa kwanza anasema: fikiria nyuzi zenye unene wa kiduchu, ngazi zitatoweka, mambo yamekwisha. Ni haraka, ni tamu, na jibu ni sahihi. Mtu wa pili anasema: sina nyuzi za namna hiyo, lakini nitajie kosa lolote unaloweza kulivumilia, nami nitakutafutia uzi mwembamba wa kutosha, uzi wa kawaida wenye unene unaopimika, na kosa litakuwa dogo kuliko ulilotaja. Na kwa kuwa hakuna namba nyingine inayobaki katikati kila mara isipokuwa 900π, hiyo ndiyo. Huyu wa pili hakutumia kiduchu hata kimoja. Cauchy na Weierstrass walichofanya ni kuisafisha lugha ya mtu wa pili, ikawa sheria.

Archimedes alizijua njia zote mbili, na kisa cha namna tulivyokuja kulijua hilo hunigusa kila nikikikumbuka. Katika vitabu vyake vilivyosomwa kwa karne nyingi alitumia njia ya pili tu, yenye ushahidi mzito usio na mwanya. Watu wakajiuliza: aliyapata wapi majibu kabla ya kuyathibitisha? Mwaka 1906 msomi wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, alikwenda Constantinople kutazama kitabu cha sala cha karne ya 13. Ngozi yake ilikuwa imekwanguliwa maandishi ya zamani na kuandikwa upya, na chini ya sala, kwa mbali, mlisomeka barua ya Archimedes kwa Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo, aliyekuwa msimamizi wa maktaba ya Alexandria. Humo Archimedes anamfungulia mwenzake siri: anakata maumbo katika vipande vyembamba visivyo na unene, anavitundika kwenye mizani ya mawazo, na mizani inamwambia jibu. Kisha anaonya kwamba huko ni kugundua. Kuthibitisha ni kazi nyingine. Kitabu hicho kiliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, kikapigwa picha kwa mianga ya aina mbalimbali huko Baltimore kwa miaka kadhaa ili kuyarudisha maneno yaliyokwanguliwa. Kwa hiyo hata Archimedes alitumia viduchu faraghani, akavivua kabla ya kutoka mbele za watu.

Swali lenyewe halikuwa la Wagiriki peke yao. Huko Basra katika karne ya 9 wanazuoni wa kalam, yaani elimu ya itikadi ya Kiislamu, walibishana kama mwili unaweza kugawanywa bila mwisho au unaishia kwenye chembe isiyogawanyika. Abu al-Hudhayl alishika upande wa chembe. An-Nazzam alikataa, na alipoulizwa msafiri anawezaje kumaliza njia yenye sehemu zisizo na mwisho, akajibu kwamba msafiri huruka baadhi yake. Jibu hilo mimi haliniridhishi, ila linaonyesha walivyobanwa na jambo lilelile.

Sasa jamii. Ulaya ya karne ya 17 haikuuchukulia mjadala huu kama mchezo wa wasomi. Tarehe 10 Agosti 1632, wakaguzi wa mafundisho wa shirika la Wajesuiti mjini Roma waliletewa fundisho kwamba mstari umeundwa na vipande visivyogawanyika. Walilikataa, na shirika likaendelea kulipiga marufuku katika shule zake kwa miongo mingi. Wajesuiti hawakuwa wajinga wa hisabati hata kidogo. Mwenzao Christopher Clavius alikuwa miongoni mwa walioitengeneza kalenda tunayoitumia hadi leo. Lakini kwao jiometria ya Euclid ilikuwa mfano wa namna ukweli unavyopaswa kushuka: kutoka juu, hatua kwa hatua, bila mtu kuweza kupinga. Katika nyakati za mifarakano ya dini walihitaji mfano huo. Kiduchu kikaingia kama mgeni asiyeeleza ametoka wapi. Kama vipande vina unene, vingi visivyo na mwisho vitatoa urefu usio na mwisho. Kama havina, jumla yake ni sifuri. Unaona, Mwalimu, ni swali la darasani kwako tena.

Aliyeumia zaidi na upinzani huo ni Bonaventura Cavalieri, mtawa wa shirika jingine, la Wajesuati, aliyefundisha Bologna. Mwaka 1635 alitoa kitabu cha jiometria ya visivyogawanyika. Baadaye alieleza kwamba umbo bapa ni kama kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi sambamba, na umbo lenye ujazo ni kama kitabu chenye kurasa, isipokuwa nyuzi na kurasa zake hazina idadi wala unene. Nilipousoma mfano huo mara ya kwanza niliinuka nikaenda kukitazama kizulia changu upya.

Uingereza nako moto uliwaka, ila pande zilikuwa nyingine. Thomas Hobbes, aliyetaka nchi iwe na mtawala mmoja asiyepingwa, alivichukia viduchu kwa sababu zinazofanana na za Wajesuiti, watu ambao kwa mambo mengine hakuwapenda kamwe. John Wallis wa Oxford, ambaye alama ya ∞ tunayoiandika ilitoka kwake mwaka 1655, alivitumia bila wasiwasi: hesabu kwanza, tazama kama jibu linafanya kazi, endelea. Wawili hao waliandikiana matusi kwa zaidi ya miaka 20, mpaka Hobbes alipofariki mwaka 1679. Mimi husema wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu. Hobbes aliona ufa uliokuwepo kweli. Wallis aliona kwamba nyumba inakalika hata ikiwa na ufa, na bila ujasiri wa watu kama yeye Newton na Leibniz wasingekuwa na pa kuanzia.

Leibniz ndiye aliyetuachia alama ya dx, katika makala yake ya mwaka 1684. Watu wakimbana aeleze ni nini hasa, alitoa majibu yanayobadilika. Lililo wazi kuliko yote limo katika barua aliyomwandikia Pierre Varignon mwaka 1702: fikiria punje ya mchanga mbele ya dunia, na dunia mbele ya umbali wa nyota. Punje ipo, ila mbele ya nyota haibadilishi hesabu. Mfano mzuri, lakini si jibu, kwa sababu punje ya mchanga ni haba. Methali inaishika. Leibniz aliliona hilo, ndiyo maana mahali pengine alisema viduchu ni mambo ya kubuni yanayosaidia kufikiri, na kwamba asiyevitaka anaweza kurudi kwenye njia ndefu ya Archimedes na kupata jibu lilelile.

Wanafizikia na wahandisi hadi leo wanaishi na tafsiri hiyo ya punje ya mchanga, na wako sawa kufanya hivyo. Mhandisi wa maji anapoandika dV anamaanisha kipande cha maji kilicho kidogo sana mbele ya bomba, lakini bado kikubwa sana mbele ya molekuli. Nafasi ya kuchezea ipo tele. Tone moja la maji, mililita 0.05, lina molekuli kama 1.7 × 10²¹. Hata hewa, iliyo nyepesi hivi, ukikata mchemraba wenye upande wa sehemu moja ya elfu ya milimita bado una molekuli kama milioni 25 ndani yake. Ukizidi kukata utafika kwenye molekuli, kisha atomi, na maneno kama "msongamano wa maji mahali hapa" yatakosa maana. Kizulia changu hakiwezi kugawanywa bila mwisho. Ukikata uzi wa katani vya kutosha utafika mahali ambapo si katani tena. Mgawanyo usio na mwisho ni wa namba. Maumbile hayakutuahidi.

Lakini kiduchu chenyewe, kile cha kweli kinachoikataa methali, kilirudi. Mwaka 1961 Abraham Robinson alichapisha makala, na mwaka 1966 kitabu kizima, akionyesha kwa nguvu za mantiki kwamba unaweza kupanua namba za kawaida ukapata ulimwengu mpana zaidi wenye viduchu halali, bila mgongano wowote na hesabu tunazozijua. Robinson alizaliwa Ujerumani mwaka 1918, Myahudi aliyelazimika kuihama nchi yake akiwa kijana, akafanya kazi Uingereza, Kanada, Israeli na Marekani. Katika ulimwengu wake kila namba ya kawaida imezungukwa na jirani zake wasiohesabika, waliotofautiana nayo kwa kiduchu tu. Mteremko wa x² pale x ni 3 unatoka 6 + h, ambapo h ni kiduchu, na hatua ya mwisho ni kuuliza: namba ya kawaida iliyo jirani na hii ni ipi? Ni 6. Hakuna aliyedai h ni sifuri. Ukiniuliza Berkeley angesema nini, nadhani angenyamaza.

Jambo linalonifurahisha zaidi katika kazi ya Robinson ni kwamba methali haikufa kabisa. Humo viduchu hujaza kibaba, kwa sharti moja: idadi ya mara za kutia nayo iwe isiyo na mwisho. Nishike hapo, kwa sababu ndipo anapoingia Tolstoy.

Mwenzako wa fasihi amesema kweli. Tolstoy alimaliza kuchapisha *Vita na Amani* mwaka 1869, na sehemu ya tatu ya juzuu ya tatu inafunguliwa na mkimbiaji Achilles anayemkimbiza kobe, eti asimfikie kamwe, fumbo la kale la Zeno. Kosa la fumbo, anasema, ni kuukata mwendo mmoja katika vituo. Kisha anawageukia wanahistoria. Nao huukata mwendo wa watu katika vituo: mfalme huyu, amri ile, vita hivi. Anapendekeza tuchukue kipimo kidogo kisicho na mwisho, mielekeo ya watu mmoja mmoja, tuijumlishe kama mhisabati anavyojumlisha viduchu, ndipo tutazijua sheria za historia. Ni kalkulasi kabisa, hesabu hiihii ya viduchu, na imetumika kwa kujua. Tolstoy hakuokota neno barabarani.

Anapigana na nini? Mfano wake mzuri kuliko yote umo katika sehemu inayotangulia, kuhusu vita vya Borodino vya mwaka 1812. Wapo walioandika kwamba Napoleon hakushinda kikamilifu siku ile kwa sababu alikuwa na mafua. Basi, anasema Tolstoy, mkombozi wa Urusi ni yule mtumishi aliyesahau kumpa Napoleon buti zisizopitisha maji. Upuuzi huo unakuja ukishakubali kwamba mamia ya maelfu ya watu walitembezwa na mapenzi ya mtu mmoja. Kwake Napoleon naye ni kiduchu kimoja kati ya vingi, chenye kelele tu kuzidi vingine.

Wanauchumi walikuja kufanya jambo hilo kwa dhati. Mwaka 1964 Robert Aumann aliandika kuhusu soko lenye wafanyabiashara wasio na idadi, waliopangika kama nukta kwenye mstari. Kwa nini? Tunaposema muuza nyanya mmoja hawezi kubadilisha bei ya soko, kwa ukali wa hesabu si kweli. Katika soko la watu 40 anaibadilisha kidogo. Yeye ni haba. Ili maneno "hana uwezo wowote juu ya bei" yawe kweli tupu, huku wote pamoja wakiiweka bei, kila mmoja lazima awe kiduchu na idadi yao iwe haina mwisho. Nadharia nyingi kuhusu soko huru zimebeba sharti hilo bila kulitaja kwa sauti, na ni vizuri raia wakajua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Tolstoy. Askari wa Borodino walikuwa wengi, lakini walihesabika. Kila mmoja alikuwa haba, na haba huonekana ikiondoka. Ajabu ni kwamba Tolstoy msimuliaji anajua hivyo kuliko Tolstoy mwanafalsafa. Katika juzuu ya kwanza yumo kapteni wa mizinga, Tushin, mtu mdogo wa umbo, ambaye tunamkuta mara ya kwanza amevaa soksi bila buti, ameona haya mbele ya mkubwa. Siku ya mapigano ya Schöngrabern anabaki na mizinga yake mahali ambapo wakuu wamekwisha kumsahau, na ni ofisa Andrei Bolkonsky pekee anayethubutu kusema mbele ya jenerali kwamba mafanikio ya siku hiyo yanatokana na huyo. Mtoe Tushin kwenye jumla, jibu linabadilika. Kiduchu ukikitoa, jibu halitikisiki. Mwambie mwenzako awasomeshe wanafunzi kurasa za Tushin kwanza, ndipo zile za Achilles, wabishane wenyewe.

Turudi darasani kwako. Kiduchu cha Robinson usikipeleke kidato cha tano. Kinahitaji mantiki ambayo hawajaifikia. Cheza nao mapatano, kama ya bei sokoni. Mwite binti mbele. Mwambie: mimi nadai mteremko pale x ni 3 ni 6. Kwa h isiyo sifuri, hesabu inatoa 6 + h kamili, na kugawanya kulikuwa halali. Wewe nitajie tofauti unayoweza kuivumilia. Akisema 0.01, mjibu: chukua h yoyote isiyofika umbali wa 0.01 kutoka sifuri, chanya au hasi, mradi si sifuri, utaangukia kati ya 5.99 na 6.01. Akisema 0.000001, una jibu la namna hiyohiyo. Mwache ataje mpaka achoke. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri, wala hakuna kilichofutwa.

Kisha geuzeni. Wewe udai jibu ni 6.001, yeye ndiye atafute tofauti ya kukushinda nayo. Sidhani atachukua muda mrefu, 0.0005 inatosha.